Jino la Mama Lafika Sydney

Mama, shikamoo.

Baridi ya Sydney inauma, lakini juzi darasani zilizouma ni mbavu, kwa kucheka. Nilikuwa nawaeleza wanafunzi wangu wa udaktari wa meno kwa nini jino bovu huuma kuliko jipu. Nikamwingiza mmoja stoo ya mifagio, ndiyo jino lenyewe, awe mshipa wa fahamu, kisha nikamsukumia wenzake wote wawe damu inayokimbilia ugonjwa. Ngozi huvimba, jino halitanuki! Mshipa wangu ukalia, "Mwalimu, fungua!"

Nikawaambia hilo ndilo jino la mama yangu, analolibembeleza kwa karafuu tangu Pasaka. Leo hata salamu hawakutoa: "Mama ameshaenda hospitali?"

Una wajukuu darasa zima huku. Nenda, mama. Nikirudi nikukute unatafuna muwa.

Mwanao, Neema