Naavu Imefunguka Bengaluru

Chandakkunnu, Nilambur,
Wilaya ya Malappuram, Kerala.
14 Mei 2023

Mpendwa Baba mdogo Beeran,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Salalah, Oman, wewe na hayo magoti yako. Mama anauliza kama ile chupa ya mafuta ya kukandia bado ipo, au umeshawagawia wote unaokaa nao chumba kimoja. Sisi tu wazima. Joto limetukaanga kweli kweli na kisima kimeshuka hadi ndoo inagonga mawe, lakini mifenesi imezaa mpaka majirani wanajifungia ndani wakituona tunakuja na fenesi jingine. Baba yuko vile vile. Mikono imelala, miguu imelala, ulimi umelala, ila kichwa kiko macho kuliko vichwa vyetu vyote. Kidole gumba cha kulia bado kinamtii, alhamdulillahi.

Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu unausoma nusu nusu, huku wateja wanakudai chai. Habari hii nataka uisome umekaa. Shareef, mwenzako wa mkahawani, anamaliza likizo na kurudi huko Jumamosi, atakuletea pamoja na chipsi za fenesi. Usimruhusu azifungue njiani.

Ulipoondoka mara ya mwisho, Baba alikuwa bado anaweza kusema maneno mawili matatu. Baada ya hapo ugonjwa ukayamaliza. Mtu aliyetangaza mechi za mpira wa saba kwa saba wilaya nzima, aliyejulikana kwa sauti hata na watoto ambao hawajawahi kumwona, akabaki kuulizwa ndiyo au hapana kama mshtakiwa. Ndipo mimi na Lijo, yule tunayefundisha naye kompyuta shuleni, tukatengeneza programu tuliyoiita Naavu, yaani ulimi kwa Kimalayalam chetu. Herufi zinawaka safu kwa safu kwenye kioo cha kompyuta, Baba anabonyeza kitufe cha kengele ya mlango tulichokifunga kwenye kidole chake, neno linajengeka, kisha kompyuta inalitamka. Siku ya kwanza tulidhani atamshukuru Mungu, au angalau atatushukuru sisi. Akaandika taratibu, na ile sauti ikasema: “Huyu anayenisemea ni nani? Anaongea kama karani wa benki.”

Mama alicheka hadi akaenda kulia jikoni.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipoanza. Naavu ni programu huria. Maana yake msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, tumeuweka wazi mtandaoni, yeyote auchukue, autumie, aurekebishe, bila kutuomba ruhusa. Hatukufanya hivyo kwa ukarimu wetu. Ile sauti ya karani wa benki na zile herufi za Kimalayalam nasi tuliziokota huko huko, kwa watu waliozitengeneza na kuziacha wazi. Kuzifungia ndani kungekuwa uroho.

Muuguzi Sumathi, anayewatembelea wagonjwa wa majumbani, akamwona Baba akimtukana mwamuzi wa mechi kwa kitufe. Akaniambia kuna mgonjwa wake huko Wandoor anayehitaji kitu hicho kuliko chakula. Ni Mwalimu Devaki, mstaafu, amepigwa na kiharusi na hasemi. Mwanawe Prasad anaishi Bengaluru na anataka kumchukua akakae naye, lakini kila safari hiyo ikitajwa mama mzima anabubujikwa na machozi. Majirani wakasema wazi kuwa hataki kung'olewa nyumbani kwake, na Sumathi akawaunga mkono. Prasad naye akaona wanamwingilia. Ikawa vita ukumbini, na Mwalimu katikati, kimya.

Sumathi akaazima kompyuta kuukuu ya kituo chao cha afya, nami nikaenda na Naavu yangu kwenye flashi, kifua mbele. Nyumba imejaa. Mwalimu amevalishwa sari safi, amewekwa mto mgongoni. Nikabofya. Hakuna kitu. Nikabofya tena, ikaja laini ya maneno mekundu, basi. Mwalimu Devaki akaniangalia muda mrefu, kisha akafumba macho. Nikasema lile ambalo kila mtengeneza programu hulisema akiumbuka, kwamba kwangu inafanya kazi.

Nilipomsimulia Baba, alibonyeza kitufe chake kwa utulivu mkubwa: “Basi mgonjwa ahamie kwako.”

Ndiyo hivyo, Baba mdogo. Kompyuta zote ukizitazama zinafanana, lakini ndani kila moja ina mfumo wake unaoiendesha, na hazisikilizani. Shuleni kwetu tunatumia Linux, kama shule zote za serikali hapa. Ile ya kituo ni ya Windows. Programu niliyoipika kwa moja, nyingine haikuijua hata kwa jina. Kumbe kutengeneza programu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifunga kifurushi, sauti ndani, herufi ndani, vikorokoro vyote ndani, ili mtu asiyejua lolote abofye tu na ifunguke, kwenye mfumo wowote alionao.

Shule zilikuwa zimeshafungwa, kwa hiyo Lijo akahamia ukumbini kwetu kila asubuhi. Kuna kompyuta mtandaoni ambazo miradi huria huruhusiwa kuzitumia bure. Kila tukibadilisha kitu, zinajenga vifurushi zenyewe na kuvijaribu. Kikifaulu, alama ya kijani. Kikishindwa, nyekundu. Ilikuwa nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mama aliacha kuniuliza kama nimekula, akawa anauliza, “Leo kijani?”

Kifurushi cha Windows kilipofunguka kwa mara ya kwanza tulishangilia, kisha tukatazama kioo. Herufi zilikuwa zimeparaganyika. Zile alama za irabu ambazo kwetu husimama mbele ya herufi zilikuwa zimetupwa nyuma. Baba aliandika jina la Mama, likatokea neno ambalo siwezi kukuandikia. Alicheka kwa macho hadi tukamfuta machozi, na kuanzia hapo akajitangaza mkaguzi mkuu. Hakuna toleo lililotoka bila yeye kulijaribu, na hana dogo. Aligundua kwamba ukibonyeza haraka programu inaruka herufi, kosa ambalo mimi na Lijo, wenye vidole kumi kila mmoja, hatungeliona maishani.

Tulirudi Wandoor kabla Prasad hajamaliza likizo yake. Safari hii sikutoa hotuba. Nikabofya, herufi zikapangika, sauti ikasalimia. Majirani walisimama nyuma ya kiti wakimwangalia Prasad kama watu wanaosubiri hukumu ya mwizi. Mwalimu Devaki alibonyeza kwa kidole kimoja, akakosea, akarudi, akakosea tena. Hakuna aliyethubutu kumkamilishia neno. Mwisho sauti ikasema: “Nataka kwenda kwa mwanangu. Ninalia kwa sababu mnagombana.”

Ungewaona. Sumathi alijishika mdomo. Prasad, na ukubwa wake wote, aliteremka akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Mama hakuwa amemaliza. Aliendelea kubonyeza, nasi tukangoja, tukidhani sasa yanakuja maneno ya kuaga. “Na Rajan,” sauti ikasema, “asiuziwe ng'ombe wangu.” Huyo Rajan ndiye jirani aliyekuwa amepiga kelele kuliko wote kwamba mwalimu haendi popote.

Tukiwa tunakunywa chai, Prasad akauliza swali lililonikata maini. Kompyuta ile ni ya kituo, lazima ibaki kwa wagonjwa wengine. Kwake Bengaluru kuna kompyuta ya Mac tu, nayo ina mfumo wake mwingine kabisa. Je, Naavu inafanya kazi kwenye Mac? Nikamwambia bado. Nilikuwa sijawahi hata kuigusa Mac, achilia mbali kuwa nayo. Mwalimu Devaki alisikia. Alikuwa ameupata mdomo wake asubuhi hiyo hiyo, na safari yao ilikuwa imeshapangwa.

Wakaondoka. Sitakuficha, wiki hiyo nilikuwa sifai kusemeshwa. Lijo aliandika kwenye ukurasa wa mradi kwamba tunatafuta mtu mwenye Mac na moyo. Tulitegemea kimya.

Akajibu msichana mmoja wa Samarkand, jina lake Muattar. Kumbe alishaichukua Naavu kitambo bila sisi kujua, akaitia herufi za Kiuzbeki kwa ajili ya mdogo wake aliyeumia kichwa kwenye ajali ya lori. Alikuwa ameshaanza kuifungia kifurushi cha Mac, amekwama mahali. Kiingereza chake kinachechemea na changu kinachechemea, lakini msimbo tuliusoma sawasawa. Sauti ilikuwa haitoki. Kila kitu kinafunguka, herufi zinawaka, ukifika kusema, bubu. Tukatafuta, tukatumiana, akajaribu, akaniletea majibu, nikarekebisha. Mwisho kosa likaonekana kuwa langu: nilikuwa nimeielekeza programu kwenye faili za sauti kwa njia ambayo Linux peke yake inaielewa. Mstari mmoja. Nilitamani kujificha chini ya kitanda. Muattar akaniandikia tu kwamba kwao kosa kama hilo likipatikana hupikwa pilau kusherehekea, maana sasa kila mtu atafaidi.

Jumanne iliyopita, baada ya adhuhuri, alama zikaja. Linux kijani. Windows kijani. Mac ikazunguka, ikazunguka, Lijo akatoka nje kwa sababu hawezi kutazama, kisha kijani. Zote tatu. Ilibaki kubofya kitufe kimoja cha kulitoa toleo lenyewe hadharani, toleo la kwanza kamili. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikasikia sauti ya karani wa benki: “Mkono wako uondoe.” Tukakiunganisha kitufe cha Baba na hicho cha kutoa toleo. Alisubiri makusudi, Baba mdogo, wallahi alisubiri makusudi, anatuangalia mmoja mmoja, Mama anamsihi, Lijo amepiga magoti. Kisha akabonyeza. Naavu ikatoka.

Mama akachemsha chai ya limau na kukaanga ndizi. Kabla hatujamaliza, Prasad alikuwa ameipakua. Hakuhitaji kunipigia kuuliza chochote, alibofya ikafunguka, na hilo peke yake lingenitosha. Lakini ukaja pia ujumbe alioandika Mwalimu Devaki mwenyewe kutoka Bengaluru. Anasema mkwewe ni mtu mwema, mjukuu ana kelele, na chai ya huko ni maji ya kuoshea vikombe. Anasema pia kwamba ile programu yetu imekosea tahajia ya neno moja kwenye ukurasa wa maelekezo, tusahihishe. Tumeshasahihisha.

Naye Muattar amenipa habari ya mdogo wake. Miezi yote wamekuwa wakimlisha supu, wakiamini ndiyo anayoipenda. Alichoandika kwanza ni kwamba hataki tena supu, anataka tikiti. Dada mtu anasema ameitwa mpumbavu kwa heshima kabisa, na hajawahi kufurahi kiasi hicho. Tangu juzi kuna mtu wa Jaffna anaiandalia herufi za Kitamil, na wengine wanauliza maswali kutoka miji ambayo inabidi niitafute kwenye ramani. Nashindwa kukaa kitako. Nikiosha vyombo nacheka peke yangu, Mama anadhani nimepata mchumba.

Jambo moja nataka nikuombe, na usinikasirikie. Ukipiga simu unamsalimia Mama, unaniuliza hali ya Baba, unakata. Najua si kwa ubaya. Najua uliwahi kuwekewa simu sikioni kwake ukaongea peke yako ukashindwa. Safari hii niambie nimpe. Ukimaliza kusema, ngoja. Usijaze ule ukimya, usiulize kama laini imekatika. Huo ukimya ni yeye anachagua herufi.

Nisalimie wote wa mkahawani, na mzee Moideen wa jikoni, mwambie binti yake amefaulu mtihani na ameanza kuja kwetu kujifunza kompyuta. Mama anakusalimu sana. Bibi Ayishabi anakusalimu na anauliza kama umenenepa au bado unatia aibu. Lijo anakusalimu ingawa hamjaonana, na Muuguzi Sumathi pia. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe afya na riziki yenye heri, na aturudishe sote chini ya paa moja tukiwa hai.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Jumaila

Haya ya chini ni ya Baba. Amekataa niyapambe. Yamemchukua asubuhi nzima, nami nimeyanakili kama yalivyo:

Beeran. Huyu anaandika marefu kwa sababu ana vidole vingi. Nimekaa kimya muda mrefu ukadhani nimekubaliana na wewe katika mambo yote. Sikukubali hata moja. Njoo kabla ya mvua. Nina mengi ya kukubishia, na safari hii utanisubiri nimalize.