Nyanya wa Kitabuni Hana Viatu

Bi Mejumaa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikuwahi kufikiri ipo siku nitakuandikia, maana wanaokuandikia huwa wamesumbuliwa na waume na wakwe, nami sina mume, langu ni kitabu cha watoto, tena cha Australia, lakini naomba unisaidie kwa sababu kimeivuruga nyumba yetu kuliko ambavyo mwanamume yeyote angeweza. Majina uyabadilishe, tafadhali.

Naitwa Sidi, naishi Tudor, hapa Mombasa, na mama yangu mzazi, ghorofa ya tatu. Mama alikuwa mpokea simu bandarini mpaka akastaafu, na hadi leo akiinua simu husema "Bandari, naam," halafu hujicheka mwenyewe. Hutoka na viatu vya kufunika vidole hata akienda kutupa taka, gazeti huanza kulisoma kwenye matangazo ya vifo, na kwenye karata ni mwizi. Hataki simu za picha, asema simu ni ya sauti, anayetaka kumwona apande ngazi. Dada yangu mkubwa, Winnie, alikwenda Australia kwa kazi ya kutunza wazee, akaolewa huko na Jared, kijana wa Kisumu, wakajaliwa binti, Awino, ambaye yuko darasa la nne na hajafika Mombasa bado.

Basi Awino huyo shuleni alivikataa vitabu, na si kwamba hajui kusoma, anasoma kama maji, ila akipewa kitabu anakirudisha, na mama yake alipomuuliza akasema, "Mimi simo." Winnie akaenda mwenyewe maktaba ya shule akapekua rafu nzima, akakuta vitabu vina watoto wa nywele za dhahabu na dubu waliovaa miwani na kangaruu wanaoendesha baiskeli, na kimoja tu chenye mtoto mweusi, naye alikuwa mkimbizi aliyefika kwa mashua, na kitabu hicho kiliposomwa darasani watoto wote walimgeukia Awino wakamuuliza yeye alikuja na mashua gani. Akawaonyesha dirishani akawaambia, "Nilizaliwa hospitali ile pale." Siku hiyo alirudi nyumbani akamwomba mama yake amnyooshe nywele.

Dada yangu hakai kulia, akaketi akaandika kitabu. Kilikuwa kinamhusu Mama, na kilikuwa kweli tupu: nyanya wa ghorofa ya tatu aliyekuwa akiunganisha simu za meli, anamfundisha mjukuu wake kupika mahamri kwa simu, mjukuu anayaunguza, nyanya anamwambia ayale hivyo hivyo. Alitusomea kwa simu, na Mama alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho.

Wachapishaji wa huko wakakipenda mno, wakasema ndicho walichokuwa wakikitafuta, kwani siku hizi wanataka kila mtoto ajione kitabuni, wakaomba marekebisho madogo tu. Je, nyanya anaweza kuishi nyumba ya chini, maana ghorofa haimpi msomaji hisia ya Afrika? Winnie akasema sawa, ni nyumba tu. Halafu simu, wakasema inaondoa ule umbali, basi nyanya akawa anaota na mjukuu anaipata ndoto. Bandari ikawa kisima. Mahamri yakawa uji, kwa kuwa neno mahamri lingewatatiza wasomaji. Kila mara Winnie alinipigia akasema, "Kidogo tu, Sidi, ili kipite," nami nikamwambia kidogo si neno. Mwisho akaja mchoraji, ambaye Winnie asema ni mtu mwema sana na ana nia safi, akachora nyumba ya duara ambayo hata mababu zetu wa kijijini Kaloleni hawakuijenga, nyanya pekupeku, mbuzi mmoja mlangoni, na dirishani twiga. Twiga, Bi Mejumaa, Tudor.

Kitabu kilipofika Mama alivaa miwani akakisoma kutoka jalada mpaka jalada, kisha akaweka kidole kwenye picha.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Viatu vyangu viko wapi?"

Tangu siku hiyo hapokei simu ya Winnie. Na hapa ndipo ninaposhindwa, kwa sababu kitabu chenyewe kimemfaa mtoto, wallahi kimemfaa. Walimu wanakisoma darasani, watoto wanagombania kukaa na Awino, amesukwa nywele zake na hataki tena habari ya kunyoosha, na anajifunza Kiswahili ili azungumze na nyanya yake. Anapiga kwa simu ya baba yake, na hiyo Mama hupokea. Mara ya kwanza aliuliza, "Nyanya, mbuzi wetu anaitwa nani?" Mama akaniangalia, nikaangalia dari, akasema, "Charo." Charo ni kaka yetu, fundi wa mafriji, anakaa Changamwe. Sasa kila Jumapili Awino anataka habari za Charo na Mama anampa: Charo amekula kanga ya jirani, Charo ana mafua, Charo amekataa kuoga.

Wachapishaji sasa wanataka kutengeneza filamu fupi ya "nyanya halisi". Agosti Winnie anakuja na Awino pamoja na mpiga picha, na amenituma nitafute nyumba ya makuti Kaloleni nimpeleke Mama mapema, pekupeku, na mbuzi. Nikaenda kwa binamu yetu Kazungu, nikamkuta ana mabati na umeme wa jua na televisheni ya ukuta mzima. "Makuti tuliyatoa, yalikuwa yanavuja," akaniambia. "Mkiyataka, njooni nayo." Nikampigia Winnie nikamwambia haiwezekani, akaangua kilio: "Unataka mwanangu aitwe mwongo mbele ya darasa zima? Unajua alivyokuwa akilia kila asubuhi nikimvalisha sare?"

Nikamweleza Mama. Jioni akasema, "Haya. Mtoto akitaka nyanya wa kijijini, atapewa."

Bi Mejumaa, mama yangu sasa anafanya mazoezi ya kutembea pekupeku kwenye varanda, mkono ukutani, nami nikimtazama roho inaniuma. Na nikuambie la mwisho: kitabuni mimi simo. Mimi niliyebaki naye, ninayempeleka kliniki na kugombana naye juu ya chumvi, simo hata kama jirani, labda ndiyo maana hasira zangu hazijulikani ni za nani. Nimpeleke Kaloleni, au nimzuie na mtoto aaibike?

Sidi, Tudor


BI MEJUMAA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba, isipokuwa la mbuzi, ambalo nimeona si haki kuliharibu. Kaka yako akilalamika mwambie aje kwangu Mji wa Kale, nitampa kahawa.

Pole sana. Na pole nyingine umpe dada yako, kwa sababu naona umemwandika kama mwenye tamaa, na simwoni hivyo. Mama akimwona mwanawe anataka kubadilisha kichwa chake ili afanane na rafu ya vitabu, atafanya lolote. Ningekuwa mimi, ningekubali twiga wawili.

Sasa wewe. Ghorofa iliondolewa ukasema si neno. Kazi aliyoifanya mama yako ujana wake wote ikageuzwa kisima, ukasema si neno. Mahamri yakawa uji, si neno! Imebaki miguu ya mama wa watu ndipo unakumbuka kuna mshauri gazetini? Kazungu peke yake ndiye aliyesema ukweli katika habari hii yote, naye alikuwa anazungumzia paa.

Hao wachapishaji siwatukani. Kumtafuta mtoto asiyeonekana vitabuni ni kazi njema, na wengi hawajaianza. Lakini wamefungua mlango wakatangaza karibuni nyote, halafu wakasimama mlangoni kuwavisha wageni. Sisi huku tukiingia nyumba ya mtu huvua viatu wenyewe, kwa heshima. Mama yako amevuliwa na watu asiowajua, na hakuna aliyemuuliza. Mtoto wa mashua na nyanya wa kisima ni mtu yule yule, mwanangu: mtu anayeruhusiwa kuingia kitabuni akiwa tu mbali, na wa kuhurumiwa.

Waniambia mtoto ataaibika. Huyo Awino hatakuwa darasa la nne milele. Ipo siku atakuja na miguu yake, na akimkuta nyanya yake ghorofa ya tatu anaiba karata, atauliza kwa nini mlimficha huyu mkampa yule mwingine. Mtamjibu nini? Kwamba wa kweli hakutosha? Basi heri alie sasa, akiwa na nyanya yake masikioni.

Na hizo sifa za mama kujitolea usizipigie makofi. Mwanamke wa umri ule akiteleza varandani atavunja nyonga, na Australia haitakuja kumwogesha.

Fanya hivi. Kaloleni hamwendi, na neno hilo umwambie Winnie leo, kwa sauti ya kawaida, akilia umsubiri amalize kisha ulirudie. Ukweli wa mbuzi auseme Mama mwenyewe, si wewe, si Winnie, na auseme kabla hawajapanda ndege. Winnie awaandikie wachapishaji kwamba nyanya halisi yupo, anwani yake ni hii, na kitabu kikichapishwa tena picha zirekebishwe. Mpiga picha akija apandishwe ngazi na mikoba yake yote, aonyeshwe soko la Marikiti ambako mama yako anabishana na wauza samaki, jioni mmpeleke ufukweni pa Mama Ngina akale mihogo. Akilazimisha twiga, wako bustani ya wanyama Bamburi, wana saa zao za kutembelewa.

Na kuhusu wewe kutokuwemo: barua yako ni ndefu kuliko kitabu cha dada yako, na mimi niliisoma mpaka mwisho bila kuona mnyama wa porini hata mmoja aliyestahili kuwemo. Kalamu unayo. Usingoje kuandikwa na mtu.

Sasa kampe mama yako simu, kisha utoke nje, na usisikilize mlangoni.


Jibu hili nilimtumia Sidi kwanza, na kabla ukurasa huu haujaingia mtamboni aliniandikia tena, na nimemwomba ruhusa nikuwekeeni maneno yake hapa.

Bi Mejumaa, nilitoka lakini nilisikiliza, unisamehe. Mama alimwambia, "Awino, hakuna mbuzi. Charo ni mjomba wako, anatengeneza mafriji." Mama huiweka simu kwa sauti ya juu. Kisha nikamsikia mtoto akilia, na Mama hakumnyamazisha, alikuwa akisema tu, "Nipo. Nipo." Baadaye Awino akauliza, kwa hasira, "Kwa hivyo wewe unakaa wapi?"

Ndipo Mama akaniita nimwonyeshe jinsi ya kuwasha picha. Akaisogeza simu dirishani akamwonyesha tuktuk zilizoegeshwa, na watoto wakitoka shule, na nguo za jirani, na yule wa viazi karai anayekaanga chini yetu, na kila kitu alikitaja jina lake polepole, na mtoto akikirudia. Walimaliza chaji yote. Karibu na mwisho nikasikia sauti ya Winnie kwa nyuma, sijui alikuwa amekaa hapo tangu lini, akauliza, "Mama, huyo wa viazi ni yule yule?" Mama akafikiri kidogo kama atamjibu. "Mamake alifariki," akasema. "Huyu ni bintiye."

Awino alikwenda shule Jumatatu akawaambia wenzake kwamba hakuna mbuzi wala uji, kuna ghorofa na mahamri. Wawili walimwita mwongo. Mmoja aliuliza mahamri ni nini, na sasa Winnie anatakiwa kupika ya darasa zima.

Wachapishaji nao wamejibu. Wamemshukuru Winnie kwa uwazi wake, wamesema wanathamini sana sauti za watu wote, na kwa sasa filamu wameisimamisha kwanza, watafakari kama wasomaji wako tayari kwa nyanya wa ghorofa. Winnie na Awino wanakuja hata hivyo, kwa tiketi zao.

Nilimsomea Mama ile barua pepe akiwa jikoni anakuna nazi. Hakuacha kukuna. "Waandikie wasiwe na wasiwasi," akasema. "Wakiwa tayari wapige hodi, nitawafungulia."