Mama Alivyotuokoa Tusishuke Daraja

Adria, 13 Mei

Mdogo wangu Ivano,

Natumaini baridi ya Toronto imepungua. Huku polenta ya mama, ule ugali wake wa mahindi, bado ngumu kama tofali, na goti langu linauma kuliko enzi zangu za kucheza kiungo.

Jumapili tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Dakika ya themanini, bado bila bila, nikamwambia mwamuzi akapimwe macho. Akanipa kadi nyekundu. Mimi, kocha mzima, nikatolewa nikakae jukwaani na mama.

Sauti yangu haikufika uwanjani. Ya mama, aliyeuza samaki sokoni miaka arobaini, ilifika.

"Mama, mwambie Tarcisio apande!"

Akasimama akamnyooshea kidole. "We mzembe, rudi nyuma! Nyuma, nakwambia!"

Tarcisio, kiungo wangu, akamtii yeye. Akakimbia mpaka mstari wa goli, na mpira uliokuwa unaingia ukamgonga usoni, ukatoka nje. Kipenga cha mwisho kikalia bila bila: tumebaki kwenye daraja letu! Wachezaji wakambeba mama juu juu.

"Nishusheni, wajinga nyie, sketi yangu!"

Rais wa klabu ameuliza kama mama ana nafasi msimu ujao. Sidhani alikuwa anatania.

Ila kuna jambo. Kidole alimnyooshea Tarcisio, lakini jina aliloita, nililoliruka hapo juu, ni Ivano. Nyumbani akaandaa sahani tatu, akauliza mbona unachelewa kuoga.

"Ivano yuko Toronto, mama."

"Toronto ipi? Si nimemwona leo akicheza?"

Nikamwambia utakuja kula Jumapili. Sikusema Jumapili ipi. Tafadhali, isiwe ya mbali.

Kaka yako,
Nevio