Sumaku ya Nyapara na Mgongo wa Kemboi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana mume wangu Kemboi aliangukiwa na gogo hapa kiwanda cha mbao Elburgon mwaka 1971, na madaktari Nairobi wakamfunga vyuma viwili kwenye uti wa mgongo, akarudishwa kazi nyepesi ya kunoa misumeno, lakini tangu Mei mguu wa kushoto umekufa ganzi na wiki hii mkojo unamtoka bila yeye kujua, jambo analonificha ingawa mimi ndiye ninayefua shuka. Tulienda kupigwa picha ya mgongo hospitalini tukapewa karatasi imeandikwa hakuna mvunjiko ulioonekana, nyapara akaisoma mbele ya watu akasema huyu amepona, abebe mbao kama wenzake, na Kemboi alipokataa akaleta ile sumaku wanayopitisha kwenye magogo kutafuta misumari kabla ya kupasua, akaipitisha mgongoni, haikunata, akasema, “Mzee, hata chuma chenyewe hakuna. Ulitibiwa na seremala?” Watu wakacheka, nami nikacheka, na nyumbani nikamwambia picha na sumaku haziwezi kudanganya zote mbili, na tangu siku hiyo hasemi nami. Asipobeba mbao Jumatatu tunatolewa kwenye nyumba ya kiwanda na watoto wanne. Je, nimsukume aende?

Jerop, Elburgon

Jerop, msukume aende hospitali, tena kesho asubuhi. Mtu mwenye ganzi mguuni na mkojo unaomtoka asijue, huenda neva zake zinabanwa, na kila siku mnayongoja inaweza kumnyima kutembea maisha yake yote.

Nimekasirika na sitaficha. Itazame hiyo picha dirishani. Utaona mistari miwili myeupe pe. Hivyo ndivyo vyuma, na eksirei haivipenyi, kwa hiyo mfupa ulio nyuma yake haukuonekana kabisa. Aliyeandika karatasi alipaswa kusema hivyo, akanyamaza. Mpasua mbao gani hukagua gogo upande mmoja tu? Na sumaku nayo: nilimuuliza daktari wa mifupa hapa Nakuru, akaniambia vyuma vya mwilini huwa vya aina isiyoshika kutu, ambayo sumaku haiivuti kama msumari. Nyapara wako akishika karatasi, vyuma vimemponya. Akishika sumaku, vyuma havipo. Huyo hatafuti ukweli, anatafuta mpagazi.

Nawe, mama, ulicheka. Shuka ulizifua kwa mikono yako, kisha ukaamini kifaa cha magogo. Mwombe mumeo msamaha leo, na usimwambie “lakini”.

Mkifika kwa daktari, anzeni na habari ya mkojo. Kemboi akiona haya, sema wewe. Tajeni vyuma kabla ya picha, na ombeni apigwe ya ubavuni na ya mshazari. Wakisema tena hawaoni kitu, waulizeni ni kitu gani ambacho hawawezi kuona, na msitoke bila barua ya kumrudisha kwa waliomfunga vyuma; wao wana dawa ya kudunga kwenye uti ili neva zionekane pichani. Nakala ya barua ipelekwe ofisi ya kazi ya serikali. Karatasi yoyote ya nyapara, msiitie kidole.

Nyumba tutaipigania, na mimi nitaandika humu gazetini na kukitaja kiwanda kwa jina kama itabidi. Lakini miguu ya Kemboi haingoji Jumatatu.