Mume Wangu Ameiwacha Nyumba Yetu Nje ya Mpaka wa Pampu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usicheke mpaka nimalize, maana kila niliyemweleza kacheka na mie usingizi sipati.

Mie ni Zulaika, naishi huku ughaibuni, Al Barsha, kwenye uwa mmoja wenye nyumba tano za kupanga, sote watu wa pwani, na mume wangu Soud anafanya kazi kwenye ofisi ya kuchapa maombi ya watu, viza, leseni, kila kitu, na mwaka juzi akaja mteja mwenye shamba Marekani kuchapiwa makaratasi ya kubadilisha ramani na mipaka ya wilaya ya mifereji, yaani huko wakulima hujiunga kutoa maji mashambani, na kumbe hawasogezi hata mtaro mpaka pawe na ombi, tangazo, muda wa pingamizi, baraza la kusikiliza na kura, basi Soud akayapenda makaratasi yale kama mtu aliyepata mjukuu, ikawa ndiyo hadithi yake kila tukila.

Mvua ile kubwa ilipotufurikisha, majirani tukachanga tukanunua pampu, wakamchagua Soud awe mwenyekiti, naye akaufanya uwa wetu wilaya ya mifereji, na ramani juu, na alipochora mpaka akaziingiza nyumba nne, yetu akaiwacha nje. Nikamuuliza imekuwaje, akanambia, "Watu watasema najipendelea." Na sheria zake zinasema maji ya wilaya yamwagwe nje ya mpaka, na nje ya mpaka, mshauri, ni kwangu tu.

Basi mvua iliporudi, Protas, mlinzi wetu ambaye ndiye anayewasha pampu, akavuta maji ya nyumba zote nne akayamwaga barazani kwangu, kwa mujibu wa sheria, yakaingia mpaka chumbani, magodoro ya kukalia ya majlisi yakaelea, friji tukalipandisha juu ya matofali, na nilipomwambia Protas atie mpira kwangu avute, akanijibu kwa adabu kabisa kwamba ananionea huruma lakini mimi simo kwenye ramani.

Nikapeleka ombi. Soud akalipokea kwa mikono miwili, akabandika tangazo getini, mvua ikalisomba, akasema tangazo halikutimiza muda wake, tuanze upya. Siku ya baraza akanisimamisha mbele ya majirani akaniuliza jina langu nani na nakaa wapi, mie niliyemzalia, nikamjibu, na Zayd, mume wa rafiki na jirani yangu Amna, akaweka pingamizi kwamba nyumba yangu ikiingizwa maji yao yatakwenda wapi, Soud akamshukuru kwa hoja nzuri, kisha akasema yeye hawezi kuamua shauri ambalo mwombaji ni mkewe, akajitoa, na bila mwenyekiti baraza likavunjika, watu wakanywa chai wakaondoka.

Nikachoka, nikahamia kwa Amna ambako ni pakavu. Jana Soud akaja mpaka mlangoni, nikadhani amekuja kunichukua, kumbe amekuja kuniarifu kwamba kwa kuwa sasa nakaa ndani ya mpaka sina tena haki ya kuomba, na ombi langu litafutwa nisiporudi kulala majini. Mshauri, nampenda, hajanipiga, hajaniolea mke wa pili, hajaninyima kitu, lakini wallahi nataka talaka, na naona haya kumwambia kadhi kuwa sababu ni mtaro. Nirudi ama nisirudi?

Zulaika, Al Barsha

Mama Elisante anajibu:

Pole, Zulaika. Nimecheka, sikufichi. Halafu nikakasirika, na wewe umo.

Tuanze na maji. Hiyo ni nyumba ya kupanga, na barua nzima hujamtaja mwenye nyumba hata mara moja. Watu wazima wa nyumba tano mmeunda serikali badala ya kupiga simu. Soma mkataba wako leo, piga picha kila chumba, mtumie huyo mwenye nyumba, umtake alete gari la kunyonya maji. Pampu nayo mliinunua wote, kwa hiyo Protas asikutishe na ramani. Na huyo Zayd anayeuliza maji yake yaende wapi, mwambie Amna amjibu wakiwa mezani.

Sasa mumeo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Soud si mtu mbaya. Anaogopa midomo ya watu. Alipojitoa yeye kwenye mpaka, alikutoa na wewe bila kukuuliza, na uadilifu wa mtu kulowesha kitanda cha mkewe ili majirani wamsifu ni woga tu. Lakini na wewe, nani alikutuma kupeleka ombi? Ulipolipeleka ulikubali kuwa mwombaji nyumbani kwako. Umemwandikia, umehojiwa, umejibu jina lako kama mgeni, na mpaka leo hajasikia kinywani mwako kwamba unataka kumwacha. Hajui, dada yangu. Anadhani mnaendesha shauri.

Kadhi usimwonee haya, ameshasikia makubwa kuliko mtaro. Ila kabla hujafika kwake, nenda Ijumaa mlangoni kwenu, majirani wakiwepo, usimwite mwenyekiti, mwite Soud, umwambie: "Mimi naondoka. Nizuie au niache." Kisha nyamaza, usimsaidie kutafuta jibu.

Akivua viatu akaingia kuyatoa yale maji, hata kwa ndoo, hata Zayd akipiga kelele za mipaka, rudi siku hiyohiyo mkayatoe pamoja. Akikuomba hayo uliyosema uyaandike, nenda kwa kadhi, na nakala usimwachie.