Mfereji Tulioufukia

Mjukuu wangu Uwase,

Bibi yako anakusalimu; kikohozi chake kimepungua. Unauliza kama ile nyumba ya zamani ya bustani ya ziwani imepona mafuriko. Ukuta wa nyuma umeanguka, na mlinzi amefia humo.

Ujanani, kabla ya kukimbilia Tanzania, nilikuwa kibarua pale. Msimamizi alitaka maua nyuma ya nyumba, tukafukia mfereji wa maji ya mlimani uliopita hapo. Mama muuza ndizi akatucheka: "Bon, haya, munaziba njia ya maji? Itapita mu nyumba!"

Tukamjibu, "Mama, we uza ndizi yako."

Juzi mjane wa mlinzi aliniuliza kwa nini maji yalipita mle. Nikasema, "Mungu ndiye anayejua." Nami nilijua. Kesho nitamfuata kwake Rugerero, nimwambie.

Niombee.
Babu yako