Poda ya Yaya Zéphirin

Odile, mi hata siamini. Yaya yangu Zéphirin, kaka yangu mukubwa, bamukatala. Bamukatala ile diplôme ya master, mbele ya famille yote!

Unajua ye alibakia kusoma master ku université yetu hapa Kolwezi, wenzake bakaenda Lubumbashi. Alisema profesa wake anamujua na amemuambia abakie, itakuwa mwepesi.

Leo wakati alimaliza kutetea kazi yake, maprofesa ba jury bakatuambia tutoke wote inje, babakie kusikilizana. Mama hakungoja! Alisikia batu banamupigia makofi kisha kusema, akajua amepita. Akamumwangia poda ya kushangilia kichwa muzima, bamama bakaanza kuimba.

Halafu bakamuita. Odile, aliingia mweupe pe, sawa mutu ametoka mu unga. Profesa wake mwenyewe akasema: "Zéphirin, hii ni kazi yako ya zamani, ya digrii ya licence. Carrière ile ile ya madini ya Tenke, maneno yale yale. Hukusogea hata hatua moja."

Ule ule mwenye alimuambia abakie!

Sasa tuko inje, mu cour ya université. Mama anamupangusa na kikwembe chake, poda haitoki. Anamuuliza polepole: "Mwana wangu, ni mi nilikuharibishia, na hii poda ya mbele ya wakati?"

Yaya anamuinamishia kichwa, aendelee kupangusa.